UZI: Shamba la Nabothi, kosa la mfalme lilivyopita mikononi mwa wazee wa mji na lilivyorudi

Wakuu salaam, Bwana Yesu asifiwe kwa wale wa imani yangu, na wengine wote habari za saa hizi. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka asome 1 Wafalme 21 kwanza halafu arudi hapa, maana nitakuwa naruka kati ya sura hiyo na 2 Wafalme 9 na 10, na bila hizo sura mbili za mwisho habari ya Nabothi inabaki nusu.

Kila tukigusa dhambi ya kiongozi kwenye Biblia watu wanakimbilia kwa Daudi na Bathsheba, na huko nitafika, ila kwangu mimi kesi nzito kuliko zote ni hii ya mfalme Ahabu. Mahubiri mengi yanamsema Ahabu na mke wake weee mpaka basi, halafu yanaruka jambo moja ambalo liko wazi kabisa kwenye maandiko. Ahabu hakumuua Nabothi. Yezebeli naye hakumgusa hata unywele. Waliomuua ni wazee wa mji wake mwenyewe, watu aliokuwa anakaa nao langoni, majirani. Na ukiwafuatilia wazee wa aina hiyo mpaka mwisho wa habari utakuta nyumba ya Ahabu iliangamizwa kwa mikono ya hao hao waliozoeshwa kutii barua. Hiyo ndo hoja yangu, kiongozi akishawazoesha watu wake kutenda uovu kwa amri, ule uovu haubaki chini ya amri yake.

Twende taratibu.

Ahabu hakuwa mfalme wa mchezo. Alitawala Israeli ya kaskazini miaka 22 akiwa Samaria. Kuna jiwe la mfalme wa Ashuru, Shalmaneser III, liko British Museum kule London, linataja vita vya Karkar vya mwaka 853 KK na majeshi yaliyoungana kumzuia, na Ahabu Mwisraeli ametajwa humo akiwa na magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Biblia nayo inasema alijenga nyumba ya pembe za ndovu (1 Wafalme 22:39). Sasa mtu wa kiwango hicho ndo anakwenda kwa mwananchi wa Yezreeli, huyu Nabothi, anamwambia nipe shamba lako la mizabibu niligeuze bustani ya mboga kwa sababu liko karibu na nyumba yangu. Mboga jamani.

Na niseme ukweli, pale mwanzo Ahabu hajakosea. Aliahidi kumpa shamba bora zaidi au hela. Hata baba yake Omri alinunua kilima cha Samaria kwa mtu anaitwa Shemeri kwa talanta mbili za fedha (1 Wafalme 16:24), akalipa, akajenga, hakuna nabii aliyemfuata kwa ajili ya ile biashara. Kwahiyo ile familia ilikuwa inajua kabisa ardhi inapatikanaje kihalali. Shida ni kwamba Nabothi alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa, maana Walawi 25:23 Mungu anasema nchi isiuzwe moja kwa moja kwa kuwa nchi ni yake, na Hesabu 36:7 inakataza urithi kuhama kutoka kabila hadi kabila. Nabothi hakusema bei ndogo. Alisema Bwana apishe mbali nisije nikakupa urithi wa baba zangu. Yaani kwa maneno mengine alimkumbusha mfalme kwamba kuna mwenye ardhi aliye juu yao wote wawili.

Mfalme akarudi nyumbani akalala kitandani akageuza uso akagoma kula. Mke wake, binti wa mfalme wa Wasidoni, kwao mfalme ndo sheria, akamuuliza kwani we ndo unatawala Israeli au sio? Inuka ule, shamba nitakupa mimi.

SASA HAPA NDIPO NAOMBA TUSOME POLEPOLE.

Yezebeli aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazipiga muhuri wa Ahabu, akazituma kwa wazee na wakuu wa mji wa Nabothi. Barua zilikuwa na maelekezo kamili, tangazeni mfunge, mkalisheni Nabothi mbele za watu, leteni watu wawili wasiofaa washuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme, kisha mtoeni nje mkampige mawe afe. Angalia alivyojipanga huyu mama. Mashahidi wawili, kwa sababu Kumbukumbu 17:6 inataka mashahidi wawili au watatu. Kupigwa mawe nje ya mji, kama torati inavyotaka. Kufunga, ili ionekane ni jambo la kiroho. Kila kipengele cha sheria ya Mungu kilifuatwa ili kumuua mtu aliyekuwa anaitii sheria ya Mungu. Kama ungekuwa umepita Yezreeli siku hiyo ungeona kikao halali, mashahidi halali, hukumu halali.

Na wazee wakafanya. Aya ya 11 inasema walifanya kama Yezebeli alivyowapelekea, kama ilivyoandikwa katika zile barua. Hakuna aliyeomba muda, hakuna aliyesema ngoja tumsikilize Nabothi.

Halafu njoo aya ya 14, hii aya mimi huwa naisoma mara mbili mbili. Baada ya kumuua wakatuma taarifa, Nabothi amepigwa mawe amekufa. Wametuma kwa nani? Kwa YEZEBELI. Barua zilikuwa na jina la Ahabu na muhuri wa Ahabu, lakini taarifa ya kazi imepelekwa kwa Yezebeli. Maana yake walijua. Walijua barua imetoka wapi, walijua na kesi ni ya kutunga, na mashahidi ni wao wenyewe waliowatafuta. Kwahiyo asije mtu akaniambia wale wazee walidanganywa, walikuwa wanajua kila kitu kuanzia mwanzo.

Na hawakuishia kwa Nabothi. Ukisoma 2 Wafalme 9:26 utakuta inatajwa damu ya Nabothi NA DAMU YA WANAWE. Sura ya 21 haikututajia watoto, inakuja kutajwa huko mbele kama vile mtu anafukua faili la zamani. Kama watoto wangebaki, urithi ungekuwa wao. Ilibidi waondoke wote.

Mimi nimewahi kukaa kwenye kikao cha kanisa (sitataja kanisa wala mji) ambapo muhtasari uliletwa ukiwa umeshachapwa tayari, kikao hata hakijafunguliwa, unasema wajumbe kwa kauli moja wameridhia kiwanja cha kanisa kiuzwe. Kalamu ikazunguka. Mhazini, mama mtu mzima, akaisogeza ile karatasi kwa jirani yake bila kusaini, akasema mimi nitasaini nikishaona hela inakwenda wapi. Hakupiga kelele. Mwezi uliofuata si mhazini tena. Waliosaini wengi wao walikuwa watu wazuri tu, wanafunga, wanaombea wagonjwa, wanachangia misiba, ila pale walikuwa wanaogopa kuonekana wanapingana na mtumishi. Nikiisoma Yezreeli nawaona wale.

Turudi kwenye andiko. Ahabu aliposikia Nabothi amekufa hakuuliza amekufaje. Aliinuka akashuka kulimiliki shamba. Na nabii Eliya akamkuta huko huko shambani. Mfalme anamwambia Je, umenipata, ewe adui yangu? Hukumu ikatolewa pale pale, mbwa watalamba damu yako, mbwa watamla Yezebeli penye ukuta wa Yezreeli, na nyumba yako itafutwa.

Kuna kitu kingine hakitajwi kwenye sura ya 21 ila kinakuja baadaye. Nyuma ya gari la Ahabu kulikuwa na maofisa wake wawili wamepanda, Yehu na Bidkari. Tunalijua hilo kwa sababu Yehu mwenyewe analisema miaka mingi baadaye, unakumbuka mimi na wewe tulipokuwa tumepanda nyuma ya Ahabu baba yake, Bwana akatamka neno hili juu yake (2 Wafalme 9:25). Yaani yule atakayekuja kumaliza ukoo wa Ahabu alikuwa analipwa mshahara na Ahabu, alikuwa nyuma ya mgongo wake siku hukumu inasomwa, akakaa nayo moyoni muda wote huo.

Ahabu alikufa vitani Ramoth-Gileadi. Manabii 400 walimwambia nenda utashinda, mmoja, Mikaya mwana wa Imla, akamwambia ukweli, akatupwa gerezani akale chakula cha shida na maji ya shida. Ahabu akajibadilisha mavazi vitani ili asijulikane, mtu mmoja akavuta upinde bila kumlenga, mshale ukaingia kwenye maungio ya dirii. Akashikiliwa ndani ya gari mpaka jioni damu inatiririka, gari likaoshwa penye birika la Samaria, mbwa wakalamba.

Zaidi ya miaka 10 inapita. Mwanawe Yoramu, ambaye sasa ndo mfalme, yuko Yezreeli anauguza majeraha ya vita, Yehu ameshapakwa mafuta awe mfalme badala yake, anakuja anaendesha gari kwa kasi, na wanakutana wapi? Kwenye kiwanja cha Nabothi (2 Wafalme 9:21). Yoramu anapigwa mshale, Yehu anamwambia Bidkari mtupe humo humo shambani. Yezebeli anatupwa dirishani na matowashi wake mwenyewe, watu waliokuwa wanamtumikia, wameulizwa tu nani yuko upande wangu, wakachungulia wawili watatu, wakaambiwa mtupeni, wakamtupa.

Na sasa barua. 2 Wafalme 10. Ahabu alikuwa na wana 70 Samaria, wanalelewa na wakubwa wa mji. Yehu akaandika BARUA akazipeleka kwa wakuu wa Yezreeli, wazee, na walezi wa wana wa Ahabu. Barua ya kwanza ikawaambia mchagueni aliye bora kati ya wana wa bwana wenu mkamketishe kwenye kiti mpiganie nyumba ya bwana wenu. Wakaogopa sana, wakasema wafalme wawili (Yoramu, na Ahazia wa Yuda ambaye Yehu alimuua pia) wameshindwa kusimama mbele yake, sisi tutasimamaje? Wakajibu sisi watumishi wako, utakalotuambia tutafanya. Barua ya pili ikaja, kama mko upande wangu leteni vichwa vya hao wana kesho saa kama hizi.

Wakawachinja wote 70. Watoto waliowalea wao. Vichwa wakavitia kwenye vikapu wakavituma Yezreeli, wao wenyewe hawakwenda, wamevituma tu kama wale wa mwanzo walivyotuma taarifa kwa Yezebeli. Vikawekwa chungu mbili langoni pa mji mpaka asubuhi.

Mnaona? Ofisi ni ile ile, wazee na wakuu. Njia ni ile ile, barua. Utii ni ule ule, hakuna swali. Kilichobadilika ni jina la mwandishi tu. Ahabu na mkewe waliwafundisha wazee wa Israeli kwamba barua ikija na ina nguvu nyuma yake, unaua. Kina mzee wakajifunza vizuri. Na asubuhi Yehu akasimama langoni akawaambia watu, ninyi hamna hatia, mimi nilimfanyia fitina bwana wangu nikamuua, lakini hawa wote nani amewaua? Kisha aya ya 11 akawaua wote waliosalia wa nyumba ya Ahabu Yezreeli, na wakuu wake wote, na rafiki zake, na makuhani wake. Kuwa mkuu mtiifu wa Ahabu hakukumwokoa mtu.

Haya, kuna maswali yameshakuja huko chini na PM (ujumbe binafsi), nijibu hapa hapa kwenye uzi wote wasome.

Mdau ameuliza mbona raia wasiohusika wanaumia kwa kosa la mfalme, Mungu wa haki yuko wapi hapo. Swali zito na siwezi kulipunguza uzito. Angalia ile njaa ya 1 Wafalme 17 na 18. Mvua imekatika kwa sababu ya Ahabu na Mabaali, ile miungu ya kigeni aliyoiabudu. Ahabu ana chakula. Sura ya 18:5 inatuonyesha anazunguka nchi na waziri wake Obadia wanatafuta majani, ya nini? Ya farasi na nyumbu. Wakati huo huo kule Sarepta, nchi ya Sidoni kwa kina Yezebeli, kuna mjane anaokota kuni mbili apike unga wa mwisho na mwanawe wale wafe. Mfalme anahangaikia mifugo yake ya vita, mjane wa nchi jirani anahesabu mlo wa mwisho. Biblia haifichi hilo hata kidogo, na Mungu alimpeleka nabii wake akakae kwa yule mjane, ikulu alipita tu kutoa taarifa ya ukame akaondoka. Daudi naye kwenye ile tauni iliyokuja baada ya yeye kuhesabu watu, watu 70,000 wamekufa, alilia akasema mimi ndiye niliyekosa, hawa kondoo wamefanya nini (2 Samweli 24:17). Kwahiyo swali lako mkuu ni swali la mfalme mwenyewe na Mungu hakumkemea kwa kuliuliza. Ila pia soma aya ya 1 ya sura hiyo, hasira ya Bwana iliwaka juu ya Israeli, taifa lenyewe halikuwa safi.

Mwingine kaleta Ezekieli 18:20, roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba. Kweli kabisa, na Kumbukumbu 24:16 inawakataza waamuzi kuua watoto kwa kosa la baba, mfalme Amazia aliifuata hiyo sheria (2 Wafalme 14:6). Lakini hatia ni kitu kimoja na madhara ni kingine. Baba akilewa akagongesha gari la familia, hakimu hatamfunga mtoto, ila mtoto bado amevunjika mguu. Na Yoramu sio kwamba alikuwa malaika, aliiondoa nguzo ya Baali aliyoifanya baba yake lakini dhambi za Yeroboamu, yule mfalme wa zamani aliyeweka ndama za dhahabu, akazishika.

Sasa hili la "msiwaguse masihi wangu". Ndugu yangu uliyeandika kwa herufi kubwa kwamba uzi huu ni wa kuwasema watumishi wa Mungu, nakuomba kwa upendo fungua Zaburi 105 usome na aya ya 14 inayotangulia. Inasema aliwakemea WAFALME kwa ajili yao. Wanaolindwa pale ni kina Ibrahimu, wahamiaji wachache wasio na nguvu wanaotangatanga kutoka taifa hadi taifa. Wanaoonywa ni wenye madaraka. Huo mstari tumeugeuza kichwa chini miguu juu, tumempa mwenye nguvu ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya mnyonge. Nabothi ndiye aliyepaswa kulindwa na ule mstari. Nabii Nathani alimwambia Daudi wewe ndiwe mtu huyo, na Daudi alikuwa masihi wa Bwana kwelikweli, mafuta ya Samweli mwenyewe.

Na kwa Daudi pia kuna barua, msisahau. Alimwandikia Yoabu, mkuu wa jeshi lake, mwekeni Uria, mume wa Bathsheba, mstari wa mbele vita vikali mkaondoke nyuma yake, na aliyebeba ile barua ni Uria mwenyewe, kabeba kifo chake mkononi, mwaminifu hakufungua. Yoabu akasoma akatekeleza, na hakufa Uria peke yake, watumishi wengine wa Daudi walianguka pale ukutani. Yoabu alikuwa mgumu tangu zamani, alishamuua Abneri, lakini baada ya ile barua Daudi hakuwa tena na uso wa kumkemea. Akaagiza mwanawe Absalomu, aliyemwasi, atendewe kwa upole, Yoabu akamchoma mishale mitatu moyoni. Akamteua Amasa badala yake, Yoabu akamuua Amasa njiani. Na mshauri wake Ahithofeli, aliyehamia kwa Absalomu na kutoa ule ushauri mchafu wa masuria darini, ukiunganisha 2 Samweli 11:3 na 23:34 anaonekana ni babu yake Bathsheba. Hesabu mwenyewe nyumba ile ilivyopasuka.

Tofauti ya Daudi na Ahabu watu wengi wanasema ni toba. Lakini Ahabu naye alinyenyekea! 1 Wafalme 21:27, alirarua mavazi, akavaa magunia, akafunga, akaenda kwa upole, na Mungu akamwambia Eliya kwa kuwa amejinyenyekeza sitaleta mabaya siku zake, nitayaleta siku za mwanawe. Mungu aliiheshimu hata toba ya Ahabu, hapo mimi huwa naona huruma ya ajabu.

Kabla sijafunga, msiseme wote walikuwa waoga. Obadia alikuwa ndani kabisa ya ikulu ya Ahabu, msimamizi wa nyumba, na Yezebeli alipoanza kuua manabii huyu mtu aliwaficha 100, hamsini hamsini pangoni, akawalisha chakula na maji. Wakati wa ukame! Kila mkate ulitoka mahali. Alikuwa ndani ya sistimu ile ile na wale wazee, mshahara ule ule, hatari kubwa kuliko yao maana yeye alikuwa chini ya pua ya Yezebeli. Alikuwa na hofu, alimlalamikia Eliya mpaka inatia huruma, ila alifanya.

Na Yehu asije akaonekana shujaa wa uzi huu. Alichinja kupita kiasi, na Hosea 1:4 Mungu anasema ataipatiliza nyumba ya Yehu damu ya Yezreeli. Ukoo wake ulikwenda vizazi vinne kama alivyoahidiwa kisha ukakatwa. Kwenye ile nguzo nyeusi ya Shalmaneser III, iko British Museum pia, amechorwa mtu wa Yehu, au Yehu mwenyewe, amesujudu uso chini mbele ya mfalme wa Ashuru analeta kodi, mwaka 841 KK. Mwaka ule ule wa mapinduzi yake.

La mwisho, kwa aliyeuliza kama Ahabu alitubu kwanini shamba lilibaki. Ndugu, hapo umegusa penyewe. Magunia alivaa, kufunga alifunga, lakini hakuna mstari unaosema alirudisha shamba. Na isisemwe ilikuwa haiwezekani. Soma 2 Wafalme 8:1-6. Yule mama Mshunemi, yaani wa mji wa Shunemu, alikimbia njaa miaka 7, aliporudi nyumba na shamba lake vimeshachukuliwa, akaenda kumlilia mfalme wa Israeli, wengi wanamtambua kuwa ni huyu huyu Yoramu mwana wa Ahabu, na mfalme akamteua ofisa mmoja akaagiza mrudishie vyote vilivyokuwa vyake pamoja na mapato yote ya shamba tangu siku alipoondoka. Shunemu na Yezreeli zinatazamana ng'ambo ya bonde. Kumbe amri ya kurudisha ardhi ilikuwepo, ofisa wa kuitekeleza alikuwepo, na hesabu ya mavuno ya miaka yote iliwezekana kupigwa. Mshunemi alikuwa hai akaja kudai na mwanawe. Upande wa Nabothi hakukuwa na wa kuja kudai, wazee wa mji walishahakikisha hilo.